Tangazo Nililolisoma kwa Sauti ya Baba

Tunduma,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu huipokei, na huu ni mwezi wa nne sijasikia marahaba yako. Habari za Ushongo? Miguu inaendeleaje, na ule uvimbe wa kushoto umeshuka? Shangazi Mwanaidi aliniambia unajipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na vitunguu saumu, na kwamba sasa unafika kisimani bila kupumzika njiani. Nilifurahi. Ningependa kuyasikia hayo kwako mwenyewe, lakini kosa langu nalijua na sina wa kumlaumu.

Barua hii nampa dereva wa lori anayerudi bandarini Tanga. Ameniahidi kuifikisha Pangani, dukani kwa Mzee Gulamali, naye ataivusha mto. Shangazi akikusomea mwambie asome yote. Namjua, akifika mahali pabaya hujifanya kukohoa akaruka mistari. Asiruke. Na wewe, Mama, nakuomba usiichane katikati, maana ninalolitaka liko mwishoni, na silitaki kwa ajili yangu.

Mimi ni mzima wa mwili. Bado napika kwenye hoteli ile ile ya madereva wa malori, karibu na mpaka. Baridi ya asubuhi ya huku haina adabu. Nazi moja tunaikuna kwa wali wa watu ishirini, kwa hiyo unaweza kufikiria huo ni wali gani. Madereva hawajui, wanakula na kushukuru, nami naona haya kama mtu aliyewaibia.

Kabla sijafika kwenye lile tangazo, niache nikueleze timu yetu ilikuwa nini kwangu huku. Sijitetei. Shangazi anasema siku ile uliuliza, "Mtoto huyu alikuwa na nini moyoni?" Sasa ndiyo nakueleza kilichokuwa moyoni.

Tuko watu watano wa Tanga katika mji huu. Siku ya mchezo tunakutana kwenye kibanda cha Mohamedi, fundi viatu, mtu wa Makorora kama sisi, nyuma kidogo ya soko. Yeye ndiye mwenye redio. Wengine wote huku ni wa zile timu kubwa za Dar, hata watoto wachanga wanavikwa jezi zake. Tukiisikiliza timu yetu wanatucheka, wanasema Watanga mnashabikia timu inayocheza kwa kudra. Tunavumilia. Siku tukishinda, mimi hutia karafuu kwenye chai ya hoteli nzima bila kumwuliza mwenye hoteli. Na mtangazaji akitaja "Athumani Mwinjuma, kijana wa Makorora", unadhani siku hiyo mimi ni mpishi? Mimi ni mtu mkubwa. Madereva wa Kongo hawalijui jina langu, wananijua kuwa ni kaka yake Athumani. Picha yake niliibandika juu ya jiko mpaka ikaota masizi, uso ukapotea, ikabaki namba ya mgongoni.

Halafu unaikumbuka Idi ile tuliyokutana sote Ushongo. Tumekaa barazani, sahani ya vitumbua katikati, wewe unamenya muhogo. Nikamwuliza kama ni kweli watu wa Dar wanamtaka. Akanijibu, "Kaka, watu wasema mengi. Miye siondoki msimu haujesha." Ulisikia kwa masikio yako. Nikarudi Tunduma na kauli hiyo, nikawatangazia wenzangu wanne kama mtu aliyeuona mkataba kwa macho, kwamba Athumani haendi popote.

Mwezi haukwisha. Dirisha dogo la usajili likafunguliwa, tukamwona kwenye simu amevaa jezi ya hao watu wa Dar, ameshika kalamu, anacheka. Kile kicheko ndicho kilichonikata. Angesaini amenuna ningejitungia sababu, ningesema wamemlazimisha. Mohamedi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesaini. "Weye ndiye uliyesema haondoki," akaniambia, akarudi kushona kiatu chake. Nilikosa pa kuuweka uso. Nikampigia Athumani, akasema, "Kaka, nilitaka kukwambia, nikaogopa." Nikakata simu. Hatukusemeshana tena.

Alipokuja na timu yake mpya kucheza Tanga, akatufunga. Redioni wakasema hakushangilia, aliinua mikono kuwaomba radhi watu wa mzunguko, wale wa tiketi za bei ya chini, nao wakamtupia chupa za maji. Mtangazaji akamsifu kwa heshima. Mimi nikazidi kuwaka. Nilisema kama huruma alikuwa nayo, aliiweka wapi siku ya kushika kalamu? Baada ya hapo timu ikawa inafungwa na kila mtu, nyumbani na ugenini, mpaka ikashuka daraja. Siku ile inashuka Mohamedi alilia, mtu mwenye wajukuu, machozi yanadondokea kwenye kiatu cha mteja na mteja amesimama hapo anangoja kiatu chake.

Wazo la tangazo lilikuwa letu sote, lakini sauti ilikuwa yangu. Unajua desturi ya mpira wa kwetu, watu wakitaka kumkomoa mtu wanamtengenezea jeneza la makaratasi, wanalizungusha mtaani na vilio vya uongo. Sisi huku mtaa hatuna, tukasema tumzike kwa simu. Wenzangu wakaniambia, "Bakari, weye una sauti ya mzee Mwinjuma. Soma weye." Nami nikasoma.

Baba, Mungu amrehemu, miaka yote ya Makorora yeye ndiye aliyetangaza misiba kwenye kipaza sauti cha msikiti. Watu wakisikia anavyovuta pumzi kabla ya kuanza, waliacha sindano, waliacha unga, wakangoja jina. Sauti ile nimeirithi mimi, na pumzi zake zote. Utotoni nilipomwigiza ulinichapa, ukaniambia hiyo si sauti ya mchezo. Nilikuwa nimesahau, au labda sikusahau ila hasira ilikuwa mbele.

Nilisema hivi: "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Familia ya marehemu mzee Mwinjuma wa Makorora inasikitika kutangaza kifo cha kijana wao, Athumani Mwinjuma, kilichotokea Dar es Salaam. Mwili uko njiani na unatarajiwa kuwasili leo alasiri. Ndugu na jamaa popote mlipo mpate taarifa." Hapo nikanyamaza, kama baba alivyokuwa akinyamaza ili watu wamalize kushtuka. Baada ya kimya hicho ndiyo nikaleta upuuzi wangu, kwamba marehemu ameuawa na kalamu, kwamba atazikwa kwenye kona ya uwanja aliyokuwa akipigia mipira, kwamba ameacha mjane mmoja, nayo ni timu yetu. Tulicheka mpaka jirani wa Mohamedi akaja kuuliza kuna nini. Nikaituma kwenye kundi la mashabiki, nikaiacha simu pale kibandani ipate chaji, nikaenda kazini. Ilikuwa Ijumaa, siku ya pilau, hoteli imejaa. Sikuishika simu tena mpaka alasiri imepita.

Yaliyotokea kwenu unayajua kuliko mimi. Niache niyaandike hivyo hivyo nilivyoelezwa na Shangazi, ili ujue kwamba nimeelezwa na hakunificha kitu.

Mzee Gulamali ndiye shabiki mkubwa kuliko wote Pangani. Picha ya Athumani iliyokuwa juu ya mizani dukani kwake aliishusha mwenyewe siku ile ya kusaini, akaigeuza uso chini. Sauti yangu ilimfikia saa nne asubuhi. Akasikia jina. Akasikia mwili uko njiani. Kilipofika kile kimya changu akadhani tangazo limekwisha, akaifunga simu. Nani wa kwetu angengoja lingine baada ya hapo? Anayetangaza ni kaka mtu, kwa Inna lillahi, kwa sauti ya baba mtu. Akakata sanda kwenye jora, akafunga duka, akavuka na pantoni kwenda Bweni, akapanda bodaboda mpaka mlangoni kwako. Na muuza sanda akija na sanda mkononi, hakuna anayemwuliza kama ana hakika.

Ulimpigia Athumani, simu haipatikani. Alikuwa ameshaitupa ile laini kwa sababu ya matusi ya mashabiki, yangu yakiwemo. Ukanipigia mimi mara kumi na moja. Nilizikuta baadaye zimejipanga kwenye simu, jina lako, jina lako, jina lako. Wakati huo mimi nilikuwa nakaanga vitunguu.

Vijana wakachimba kaburi hapo hapo Ushongo, pembeni ya baba. Wewe wakakuingiza ndani, wakakufunika kanga. Shangazi anasema hukupiga kelele, ulikuwa unauliza tu kama amekula, kama huko Dar alikuwa anakula. Nje, wanaume wakingoja mwili, Mzee Gulamali akasimama mbele ya kaburi akasema, "Miye nilikuwa na kinyongo na kijana huyu. Nilimshusha ukutani. Leo mbele yenu nimemsamehe, na Mungu amsamehe." Akafuata mwingine, na mwingine, watu ambao wiki nzima walikuwa wakimlaani kwa kutushusha daraja, mmoja mmoja wanasema wamemsamehe. Shangazi alinisimulia hilo akilia. Watu wote wale walimsamehe, Mama, na mimi niliyezaliwa naye tumbo moja nilikuwa huku nachekea pilau.

Wakabeba jeneza la msikiti mpaka Bweni, wakasimama pale kwenye kivuko kuupokea mwili. Pantoni ikaja, ikaenda, ikaja. Mpaka akashuka kijana mmoja wa Makorora aliyekuja kwa mambo yake, akauliza wanamngoja nani. Walipomwambia akaanza kucheka, kisha akaliona jeneza, akaacha kucheka. Yeye ndiye aliyewasikilizisha ile sehemu ya pili.

Shangazi anasema waliogopa kukwambia, ukawaambia wakupe simu usikilize. Ukasikiliza mpaka mwisho, mjane, kalamu, na vicheko vyetu nyuma. Ukasema, "Hii sauti ya baba yao, Bakari kaipeleka wapi?" Ukaingia ndani. Nje wazee wakasema kaburi lililochimbwa halilali wazi. Wakakata mgomba, wakaulaza mle, wakafukia. Nasikia wale waliosamehe wakabishana njiani, wengine wakisema walimsamehe maiti, huyu aliye hai watazungumza naye siku nyingine. Mzee Gulamali hakubishana. Alisema neno alilolisema juu ya kaburi halirudishi, na kesho yake picha ikapanda tena ukutani. Mpelekee shukrani zangu, mimi sina uso wa kumpelekea.

Nilipoishika simu jioni ile na kuelewa, nilikaa juu ya gunia la mchele. Mwenye hoteli akadhani nimeungua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikupigia. Mara moja nikatumia simu ya mwenzangu, ukapokea, ukasema "Haloo", nikasema "Mama", ukakata.

Sasa niseme ya Athumani, ambayo hayakukufikia vizuri.

Najua siku ya pili alikupigia kwa simu ya mchezaji mwenzake, akasema "Mama, ni mimi", ukaanza kulia na mtandao wa Ushongo ukakata. Alingoja umpigie. Ile namba haikuwa yake, nawe hukuijua ni ya nani. Baada ya hapo mtu mmoja akawaonyesha wachezaji video ya vijana wa Ushongo wanafukia mgomba, na chini yake jina lake. Wenzake walicheka kidogo, halafu wakaacha kukaa naye karibu kwenye basi. Mchezaji ana mambo yake, hapendi kukaa na mtu aliyezikwa.

Mwanzo wa msimu huu timu yake ikaja kucheza Mbeya. Nikaomba ruhusa, nikapanda gari asubuhi, nikaenda hotelini kwao kumwomba radhi. Mlinzi akasema mashabiki hawaruhusiwi. Nikamwambia mimi si shabiki, ni kaka yake. Akasema makaka wameshakuja wengi. Basi nikaingia uwanjani, nikasimama kwenye uzio wa nyavu, karibu na mstari. Kipindi cha pili wakamwingiza. Alipokuja pembeni kuchukua mpira nikamwita, "Athumani, mdogo wangu." Akanitazama kama anautazama ukuta. Akarusha mpira, akakimbia, alipotaka kugeuka akaanguka. Hakuguswa na mtu, Mama, hakukuwa na mtu karibu naye. Goti. Nyuma yangu mtu mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu si ndiye yule waliyemzika kwao?" Nilitaka kumpiga, halafu nikakumbuka aliyemzika ni nani.

Hospitalini nikamtolea salamu, nikamtolea tena. Akasema, "Wamsalimia nani, Bakari? Mwamzika mtu, kisha mwamsalimia?" Tangu azaliwe hakuwa amewahi kuniita kwa jina. Siku zote mimi ni Kaka. Timu ikaondoka na basi lao kesho yake, mmoja wa viongozi akaniambia watatuma mtu wa kumfuata. Nikamwachia namba yangu. Mtu huyo bado hajafika. Nikamchukua nikamleta Tunduma, na hii ni wiki ya tano anakaa chumbani kwangu, anatembea kwa magongo mawili.

Wale wenzangu wanne walikuja kumwona. Walisimama mlangoni na machungwa yao, hakuna aliyeligusia tangazo. Mohamedi hakumpa mkono. Akasema, "Mgonjwa nampa pole. Mchezaji sijaongea naye bado." Hata hivyo ndiye aliyeyawekea magongo mpira wa tairi chini ili yasiteleze. Nadhani hajui mwenyewe kama amekasirika au hakukasirika. Na mimi, nikikwambia hasira yangu iliisha siku ile nitakuwa nakudanganya. Nilimwangalia amelala, mguu umevimba, bado kuna kitu ndani yangu kikauliza, ulikuwa na haraka gani, kwa nini hukungoja msimu uishe. Nikakionea haya, lakini kipo.

Siku moja tunakunywa uji nikamwuliza swali hilo hilo, kwa upole. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Weye ulipoondoka Makorora nani alikwita msaliti? Miye nilikubebea begi hadi stendi, nina miaka kumi na miwili. Hukusema kuwa waenda mpaka asubuhi ile ile. Nikarudi nalia njia nzima, na Mama kanipokea asema, mwache, kaenda kutafuta. Miye nilipokwenda kutafuta, mkanikatia sanda." Nilikoroga uji wangu, Mama, mpaka ukapoa.

Daktari alisema goti linaweza kupona akifanya mazoezi na kurudi kliniki. Harudi. Nimemwambia basi twende nyumbani Ushongo, Mama atakukanda. Anasema, "Nina kaburi kule. Nipite wapi?" Nikamwambia ni mgomba tu, umeshaoza. Akageuka ukutani. Chakula ninachopika anakula vijiko viwili, na mimi ndiye mtu ambaye madereva kutoka Lubumbashi wanamwulizia kwa ajili ya pilau yake. Juzi akaniuliza, "Mama alilia kwa muda gani?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi alishanililia akamaliza."

Nilimpigia Shangazi nikamwambia Athumani yuko kwangu, ni mgonjwa, Mama azungumze naye. Shangazi akaniletea jibu lako kama ulivyolisema, kwamba sauti yangu hutaki kuisikia tena, ikisema kafa wala ikisema mzima, na kwamba mtu aliyemuua mwanao kwa mdomo hawezi kusema yuko naye ukamwamini. Nimelikubali. Ningekuwa wewe nisingejiamini.

Lakini sikia kilichotokea Alhamisi. Nilimwuliza kama nikikupigia atashika simu. Hakusema ndiyo. Alinyoosha mkono tu, akaufungua, akangoja. Ni mara ya kwanza tangu aje anataka kitu. Nikapiga namba yako, nikaiweka kiganjani mwake, akaiweka sikioni. Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Hukupokea kwa sababu uliona ni mimi. Akanirudishia simu taratibu, akalala. Tangu Alhamisi hajasema neno hata la kuomba maji. Nikienda kazini kisu cha chumbani naondoka nacho, na kamba ya kuanikia nguo nimeifungua. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Naogopa, Mama. Sijawahi kuogopa namna hii, na hapa sina mtu mzima wa kumwuliza nifanye nini.

Radhi yako naitaka, sitajifanya siitaki. Hakuna siku ninayoswali bila kuiomba. Lakini hiyo iache, ikae huko hata miaka, hata nisiipate. Hii ya leo ni nyingine.

Msalimie Shangazi Mwanaidi, na kama amefika hapa bila kuruka mstari nampa heko. Msalimie maalimu wa msikiti, mwambie naomba aniombee. Wasalimie vijana waliochimba kaburi, waambie jasho lao liko shingoni mwangu. Majirani waliokupikia siku ile, wote, mmoja mmoja.

Dereva anasema atafika Pangani Jumatano. Mimi nitapiga Ijumaa baada ya swala, na Jumamosi, na kila siku saa hizo hizo, kwa namba hii hii yangu unayoichukia, maana nyingine sina, na sitaki tena kukuvizia kwa simu ya mtu. Ukiiona, pokea. Hutasikia sauti yangu, nakuapia, nitakuwa nimetoka nje. Huenda hutasikia chochote. Yeye hatasema, namjua, atangoja wewe uanze. Ukisikia kimya usikate. Weka sikio. Anayepumua hapo ni Athumani.

Mwanao mkubwa, anayekuomba akiwa amepiga magoti,

Bakari.